Rambo jeusi

Wifi yangu ni muuguzi Mbeya mjini. Ndiye aliyenitafutia nafasi kwa daktari wa ngozi, na ndiye aliyeniletea agizo lake kwa simu: njoo na kila kitu unachopaka usoni na kichwani, usiache hata kimoja. Basi alfajiri ya Jumanne moja ya Julai 2018 nilipanda Koasta Tukuyu nimepakata rambo jeusi, yalikuwa bado hayajapigwa marufuku, nimelipiga mafundo mawili ili abiria wa pembeni asijue ndani kuna nini. Nilijifunga kitenge hadi puani. Kwa baridi ya Tukuyu mwezi wa saba hakuna aliyeshangaa, lakini mimi sikuwa nazuia baridi.

Nilikuwa na miaka 33, watoto wawili, na uso wenye chunusi kama wa mtoto wa kidato cha pili.

Kipele cha kwanza kilitokea kidevuni 2016, mwaka ambao nchi nzima ilikuwa inaimba kutumbua majipu. Baba Neema hakuniacha: "Na hili la kwako tunamsubiri Magufuli?" Tukacheka. Nikalitumbua kwa kucha mbele ya kioo, likaacha doa jeusi lililokaa miezi. Yakafuata mengine, hasa wiki ile ya kuelekea hedhi, yamejipanga kwenye taya kutoka sikio hadi sikio. Hayakuwa vile vipele vya juu juu nilivyokuwa navyo shuleni. Haya yalikaa ndani, magumu, ukilalia upande wake unaamka.

Mimi ni wakala wa fedha za simu. Dirisha langu ni dogo, mteja lazima ainame, na akishainama hana pa kupeleka macho ila usoni kwangu. Wakati tunasubiri meseji iingie kila mtu alikuwa na tiba yake. Damu imechafuka, kunywa mlonge. Paka dawa ya meno. Kata limao. Asali na manjano. Mzee mmoja, tena kwa adabu kabisa, aliniuliza kama mwenzangu yuko safarini siku nyingi, maana chunusi za ukubwani, alisema, ni hamu iliyokosa pa kwenda. Mwenzangu alikuwa nyuma yangu anahesabu sarafu.

Nilijaribu karibu vyote. Limao liliniunguza. Nikaanza kuosha uso mara nne, tano kwa siku kwa dodoki na sabuni ya kufulia, kwa sababu nilishaamini tatizo ni uchafu. Hilo la uchafu ndilo liliniuma zaidi. Mtu unaoga, unafua, unadeki, halafu uso unakutangaza kinyume.

Mwaka uliofuata nikampata dada mmoja kule Mwanjelwa, Mbeya mjini, anayechanganya krimu mwenyewe. Anachukua losheni, anakamulia tyubu mbili tatu ndani yake, anakoroga kwa mwiko wa mbao, anajaza kwenye vikopo vyeupe visivyo na maandishi. "Hii inatuliza chunusi na inatakatisha," alisema. Sitadanganya: ilifanya kazi. Siku ya nne uvimbe ulishuka. Siku ya kumi uso ulikuwa laini, umeng'aa, na wateja wakaanza kuinama dirishani kwa swali jingine. Unapaka nini?

Nikaanza kuuza.

Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu kabla ya kuiandika. Nilikuwa nachukua vikopo ishirini kwa safari moja, navipanga nyuma ya kioo karibu na vocha, shilingi elfu tano kimoja. Aliyekosa pesa nilimwandika kwenye daftari. Uso wangu ulikuwa ndio bango langu.

Mapema 2018 mvua zilipokolea, watoto wakaugua kwa zamu, nikakaa wiki tatu bila kwenda Mwanjelwa. Vya kuuza viliisha, na cha kwangu kikaisha. Siku ya tano bila krimu niliamka uso unawaka. Kufikia wiki ya pili nilikuwa na vipele vyekundu vinavyofanana vyote, kama vimepigwa muhuri mmoja, vimezunguka mdomo na mashavu, mahali ambapo hapo mwanzo sikuwahi kuwa na kitu. Nikakimbilia Mwanjelwa, nikapaka, vikatulia. Nikiacha, vinarudi na jamaa zao. Nilizunguka humo miezi mitatu hadi wifi alipokuja kwenye msiba na kunishika kidevu mbele ya watu: "Wifi, hii siyo chunusi tu."

Kwenye benchi la kliniki siku ile nilikaa kati ya bibi mwenye kidonda cha mguu na mama aliyempakata mtoto mwenye ualbino. Mtoto alikuwa na kofia pana na anapekua mfuko wa mama yake. Nikajisikia vibaya kidogo, kwamba wenzangu wameleta magonjwa na mimi nimeleta vipele.

Daktari alikuwa mtu mzima, mvi zimeanza masikioni. Tulisalimiana Kinyakyusa, mugonile, ndaga, nikapumua. Alituambia, mimi na mwanafunzi wake mmoja aliyekuwa anaandika, kwamba mambo ya ngozi aliyasomea Moshi, kwenye chuo cha pale hospitali ya KCMC kilichoanza 1992, na kwamba kosa la kwanza walilofundishwa kuliepuka ni kuandika dawa kabla ya kujua mgonjwa anapaka nini. Kisha akasema, "Haya mama, mwaga."

Nikafungua mafundo. Vikatoka: dodoki, sabuni, mafuta ya mgando, mafuta ya nywele ya kijani, poda, kipande cha limao kilichokauka ambacho sikukumbuka kukiweka, tyubu moja niliyopewa na yule dada kama nyongeza, na vikopo vyeupe vitano. Daktari akavipanga kama mtu anayepanga karata. Mafuta ya mgando na ya nywele upande mmoja. Sabuni na dodoki upande wa pili. Katikati akaviacha vikopo na tyubu.

Alianza na tyubu. Akaigeuza, akanionyesha maandishi madogo: klobetasoli, asilimia 0.05. "Hii ni steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, tena katika zile kali kabisa. Mimi mwenyewe naiandika, kwa pumu ya ngozi ya mikononi na miguuni, kwa siku chache. Usoni siigusi." Akanipa kioo, akanivuta dirishani kwenye mwanga, akaniambia nitazame mashavu. Mng'ao niliokuwa naringia ulikuwa ngozi iliyokonda. Chini yake kulikuwa na mishipa myembamba myekundu, kama nyuzi za kitambaa kilichofuliwa sana. Nilikuwa nimeiona, nikaiita wekundu wa afya.

Kisha akanieleza chunusi yenyewe, na kwa mara ya kwanza mtu hakutaja uchafu. Kila kinyweleo kina tezi ya mafuta pembeni, na shingo yake ni nyembamba. Homoni zikiiamsha tezi, mafuta yanazidi. Seli zilizokufa zinagandamana na kuziba shingo. Bakteria ambao siku zote wanaishi humo wanapata karamu. Mwili unatuma askari, na vita hiyo ndiyo uvimbe na usaha. "Yote yanatokea chini, mama. Dodoki linasugua juu. Unaikasirisha ngozi bure." Akaniuliza kuhusu hedhi, kama inakuja kwa mpangilio, kama nimeota ndevu au nywele za kichwani zinapungua, maana wakati mwingine chunusi za mtu mzima zinaashiria shida kwenye mifuko ya mayai. Hapana. Akauliza njia ya uzazi wa mpango. Nikamwonyesha mkono: kijiti, niliwekewa 2015, mtoto wa pili alipotimiza miezi sita. Akatikisa kichwa taratibu. Homoni ya kijiti, alisema, kwa baadhi ya wanawake huongeza chunusi. Lakini akaniomba nisikimbilie kukitoa kwa hilo peke yake. Tungetibu kwanza, tuone.

Mwanafunzi alikuwa ameokota kimoja cha vile vikopo anakigeuza. "Daktari," akasema, "hivi vina bei."

Nilisahau kubandua. Vikopo vinne havikuwa vimefunguliwa, na kila kimoja kilikuwa na kile kikaratasi cha njano, 5,000, kwa mwandiko wangu.

Daktari hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Alisema tu kwamba vipodozi vyenye steroidi, zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, kwamba TFDA, mamlaka ya chakula na dawa ya wakati ule, wakivikuta vile dukani mimi ndiye nitakayeshikwa, yule wa Mwanjelwa hatakuwepo. Kisha akauliza, "Umewauzia wangapi?" Nikasema sijui. Nilikuwa najua. Daftari lilikuwa nyumbani, na nusu ya majina hayo nilikuwa nasali nayo kanisa moja.

Nilitoka na vitu vichache kuliko nilivyoingia navyo. Sabuni ya kawaida isiyo na harufu, asubuhi na jioni, kwa vidole. Vidonge vya antibayotiki ya doksi, kimoja kwa siku, kwa bilauri nzima ya maji na bila kulala papo hapo kwa sababu vinaunguza koo. Visizidi miezi mitatu, na jua nilikwepe. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 kupaka nyembamba, kwa sababu doksi peke yake inawafundisha bakteria ukaidi. Mwezi wa pili, uso ukishatulia, adapaleni, dawa ya kupaka ya kuzuia vinyweleo kuziba, usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima. "Punje, mama. Si kijiko." Nikitaka mimba, vidonge na adapaleni niviache kwanza. Mafuta ya mgando yashuke shingoni kwenda chini. Na nisitarajie chochote kabla ya wiki nane.

Wiki nane! Mtu aliyezoea siku nne.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mbaya kuliko yote. Uso ulivimba, ukachubuka, ukatoa maji, na usiku mmoja nilikwenda jikoni gizani kutafuta kikopo ambacho nilikumbuka nimeshakitupa chooni. Foronya zangu za bluu zikapauka madoadoa pale shavu linapolala. Benzoili inakula rangi ya kitambaa, jambo ambalo ningeambiwa mapema ningelalia kanga kuukuu. Wiki ya kumi, asubuhi moja nikinawa, vidole vilipita kwenye taya bila kukwama. Nikavirudisha tena kuhakikisha. Madoa yalibaki karibu mwaka mzima. Hadi leo kipele kimoja viwili hunitembelea kabla ya hedhi, na adapaleni ipo kabatini.

Daftari nilianza nalo wiki ileile, uso ukiwa bado mbichi, na nadhani ndicho kilichofanya baadhi yao waniamini. Majina kumi na saba. Niliwaambia dirishani, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, nikafuta madeni na kuwarudishia pesa waliotaka. Kumi na wawili waliacha. Wawili walihamishwa kikazi, sikuwapata. Mmoja alinitukana, na alikuwa na haki. Mwingine alienda kliniki ileile na rambo lake.

Wa kumi na saba ni mama anayeuza parachichi jirani na stendi. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema asante mwanangu, akaondoka. Mwezi uliopita alikuja kutoa elfu ishirini. Alipoinama nikaiona ile mishipa, nyuzi nyekundu shavu hadi shavu, na juu yake mng'ao.

"Wewe uliacha kweli?" akaniuliza.

"Niliacha, mama."

Akanitazama taya, upande huu na upande ule, bila haraka. "Mimi nikiacha nawaka. Sasa naagiza mwenyewe Mwanjelwa."

Meseji ikaingia. Nikamhesabia noti zake, kisha nikachukua kikaratasi cha njano na kuandika namba ya wifi. Alikikunja pamoja na zile noti, akavitia vyote kwenye fundo la kanga.