Siku tuliyozima stima tukiwa angani

Kila mtu niliyemsimulia mambo ya Jumanne ananiuliza swali lile lile, sasa mkizima stima yote si injini nayo itazima? Haizimi. Injini ya Cessna 172, ile ndege ndogo ninayojifunzia urubani, ina magneto mbili zinazozungushwa na injini yenyewe, zinatengeneza cheche za plagi bila kungoja betri wala alteneta, na mafuta yako kwenye mabawa juu ya vichwa vyetu, yanateremka yenyewe. Kwa hivyo ukizima masta swichi, ile swichi kuu ya stima, propela inazunguka tu kama kawaida. Kinachokufa ni redio, transponda (kifaa kinachoonyesha rada ndege iko wapi), taa, flapu (vipande vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa ili ndege itue polepole), na geji za mafuta, ambazo zinaanguka mpaka sifuri hata kama tenki ni nusu, na hiyo ya geji hata ukiijua kwa kichwa bado inakushtua.

Tulikuwa upande wa Ngong, mimi na Kapteni, mwalimu wangu, nafanya mazoezi ya kona kali. Harufu ndiyo ilianza. Si ya mafuta, si ya oili, ni ile ya plastiki ya waya uliopata moto, halafu nikaona moshi mwembamba unatoka chini ya dashibodi upande wangu. Kapteni akasema kwa sauti yake ya siku zote, "Zima masta." Nikazima, na hapo hapo intakomu ikafa, kuanzia hapo ni kupigiana kelele juu ya mngurumo wa injini. Swichi zote zima isipokuwa za magneto, matundu ya hewa funga, yeye tayari ameshika mtungi wa kuzima moto. Nikapaaza sauti, "Kapteni, tusiwaambie mnara wa kuongozea ndege kwanza?"

"Kijana, mnara hauwezi kutuzimia moto!"

Moshi ukakatika bila hata mtungi kutumika, tukafungua madirisha, hewa ikaingia. Na sasa hii ndiyo sehemu ambayo imekaa nami wiki yote. Mkono wangu ulitaka kurudisha masta. Moshi si umeisha, si tuwashe redio kidogo tu tuseme tuko wapi? Mtaani stima ikipotea sote tunakimbilia boksi ya mita kupandisha swichi, hatuulizi iliruka kwa nini, na hayo ndiyo mazoea niliyopanda nayo ndegeni. Cheklisti inaruhusu kuwasha tena, kifaa kimoja kimoja, sakiti breka iliyoruka usiiguse, ukisikia harufu unazima, lakini inasema ufanye hivyo kama unahitaji stima. Je, tulihitaji? Ilikuwa mchana, jua limewaka, Nairobi yote tunaiona. Mita ya kasi na ya mwinuko zinatumia hewa, ile inayoonyesha kama mabawa yamelala sawa inaendeshwa na pampu ya injini, dira haihitaji chochote. Kapteni akatikisa kichwa tu, hapana, na swichi ikabaki chini mpaka tukatua.

Usiku huo nilisoma tena habari za Swissair 111, ndege ya abiria iliyoanguka Septemba 1998 na kuua watu 229. Kutoka marubani waliponusa harufu mpaka ndege kuingia baharini ni kama dakika ishirini. Ilikuwa ndege kubwa, ya kisasa kwa wakati wake, na moto ulikuwa kwenye nyaya zilizojificha juu ya dari mahali ambapo hakuna mtu angeufikia. Nikaelewa kwa nini Kapteni hakubishana na harufu hata sekunde moja.

Lakini kurudi Wilson, uwanja wetu wa ndege hapa Nairobi, bila redio wala transponda si jambo dogo, anga ile imejaa ndege. Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya abiria ziligongana juu ya mbuga ya Nairobi na wawili waliokuwa kwenye Cessna wakafariki, wanafunzi wote wa Wilson tunaijua siku hiyo, na mimi niliikumbuka vizuri sana nikiwa pale juu siwezi kusikia mtu. Nikatuma meseji kwa ofisi ya shule, stima imekufa, tunarudi, waambieni mnara. Meseji ilienda, namshukuru Mungu kwa hiyo network. Tukakaribia taratibu, macho nje, kila mmoja na upande wake, tukingoja taa ya mnara, ndiyo inayoongea na ndege isiyo na redio. Nyekundu isiyopepesa, wapishe wengine uendelee kuzunguka. Kijani isiyopepesa, tua. Ilipowaka kijani nikatikisa mabawa kuonyesha tumeiona, Kapteni akaniachia usukani wote.

Bila flapu unakuja na kasi zaidi na pua iko juu, na Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, hewa nyepesi, ranwei unaiona inakimbia. Nilitumia nyingi kuliko kawaida yangu lakini tulisimama vizuri.

Fundi alipofungua dashibodi alitoa waya uliokuwa ukisuguana na chuma mpaka ganda likaisha, umeungua kipande kama kidole. Akauliza kama tuliwasha tena baada ya moshi kuisha. Kapteni akasema hapana, fundi akasema vizuri sana, akaendelea kufuata waya wa pili. Ndege bado iko hanga. Nimeombea nafasi Jumatatu kwenye ile nyingine, nataka nirudie landing bila flapu mpaka niizoee.