Siku moja maishani mwangu: kuhesabu popo weusi wa Mwali

Saa 11 kasoro robo alfajiri. Adhana ya Nioumachoua imenikuta macho. Kwetu Pemba kazi yangu ni kutembeza wageni Kidike, hifadhi ya popo, na kuhesabu popo wetu wakubwa walao matunda. Mwezi huu wa Septemba nimekuja Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote vitatu vya Muungano wa Komoro, kujifunza kumhesabu ndugu yake, popo wa Livingstone. Duniani kote yuko hapa na kisiwa jirani cha Nzwani tu, na wote kwa jumla wanakadiriwa kuwa kama 1,300.

Saa 12 na nusu. Gari limetushusha Ouallah. Mzee anayetuongoza amekunywa maji niliyompa, akasema, "Marahaba, mwanangu." Kwetu hilo ni jibu la shikamoo; kwao ndiyo asante. Nimelipenda.

Saa 2 asubuhi. Tunapanda. Udongo wa volkano ni mwekundu na unateleza, na mlima umesimama wima hata unashika mizizi kwa mikono. Tumepita migomba, majimbi na milangilangi. Juu yetu amepita komba, ila komba wa hapa si yule mdogo wa usiku tunayemjua; ni lemuri, mkubwa kama paka, mkia mrefu, na anatembea mchana. Hata huyo ni adimu: nje ya Komoro anapatikana Madagaska tu.

Saa 3 na nusu. Mzee amesimama, akanyoosha kidole ng'ambo ya bonde. Nimeinua darubini na moyo umenipiga kwa nguvu. Nimezoea popo wa Pemba, rangi ya machungwa iliyokoza, wakipiga kelele mti mzima. Hawa ni weusi ti, mabegani wana manyoya ya dhahabu, masikio ya mviringo. Mmoja amefungua mabawa kujipepea. Yakinyooshwa yote hukaribia mita moja na nusu. Sikusema neno kwa muda mrefu.

Tunahesabu tukiwa wawili, kila mmoja peke yake, tawi baada ya tawi kutoka kushoto, halafu tunalinganisha. Mzee amenizidi kwa watano. Tumerudia, bado watano. Kisha akanionesha: chini ya bawa la mama mmoja pana kichwa kidogo. Huu ni msimu wa kuzaa, na kila mama huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Nilikuwa nimehesabu mama na kuacha watoto.

Saa 5. Jua limepasha moto mteremko na hewa imeanza kupanda. Popo wanne wamejiachia mtini, wakazunguka juu ya bonde bila kupiga bawa, kama mwewe. Popo anayeelea mchana kweupe! Hili sikuwahi kuliona maishani mwangu.

Saa 8 mchana. Tumeshuka, tumekula ndizi za nazi na samaki. Wakati wa kushuka nimeona kinachonisumbua hadi sasa. Chini ya mti wao msitu umefyekwa, pamepandwa majimbi. Mti wenyewe haujaguswa, lakini kwenye mteremko kama ule mti mkubwa ukibaki peke yake, mvua na upepo huung'oa. Popo hawa huchagua miti michache mno, na wakizoea mti hurudi pale pale miaka na miaka.

Sina haki ya kumlaumu mkulima. Anatafuta chakula cha wanawe. Hata Pemba popo alikaribia kwisha kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Waliomrudisha ni wanavijiji wenyewe walipoamua kumlinda, pamoja na desturi ya kutokata miti ya makaburini, wanakolala baadhi yao. Leo tunao maelfu.

Saa 12 jioni. Tumekaa barazani kijijini. Popo wametoka mmoja mmoja, wakubwa, kimya, wakifuata mikuyu iliyozaa. Watoto wa kijiji wameacha mpira wakawatazama nami.

Saa 2 usiku. Daftarini nimeandika idadi ya mzee, siyo yangu ya kwanza. Kesho saa 1 asubuhi, kabla ya kuhesabu, tunakwenda kwa mwenye lile shamba la majimbi. Mzee kasema tusiende mikono mitupu, na sukari kilo 2 nimeshanunua.