Molekuli ya tano ya maji katika mrututu

Fomula ya mrututu (fuwele za buluu za salfeti ya shaba), CuSO₄·5H₂O, huzitaja molekuli tano za maji kwa pamoja kana kwamba zote zina nafasi moja, ilhali ndani ya fuwele mojawapo haijashikana na shaba hata kidogo. Ndiyo maana huwa napenda kuanza na mrututu ninapoeleza kampaundi changamani za metali.

Mwanakemia Alfred Werner alipotoa nadharia yake mwaka 1893, alieleza kwamba ioni ya metali huzungukwa na idadi maalumu ya ligandi, yaani molekuli au ioni zinazoshikana nayo, zilizopangwa kwa umbo maalumu. Mpangilio huo ulikuja kuonekana kwa eksirei: mwanafizikia Max von Laue na wenzake walipozipitisha katika fuwele mwaka 1912, walianza na mrututu huohuo, na mwaka 1934 wanasayansi Beevers na Lipson wakabainisha mpangilio wa atomu zake.

Mpangilio wenyewe ni huu: molekuli nne za maji huizunguka ioni ya shaba katika mraba, kila oksijeni ikiwa umbali wa takriban pikomita 195, kisha juu na chini hukaa oksijeni za salfeti, zilizo mbali zaidi, takriban pikomita 240. Tofauti hiyo si ya bahati. Ioni ya shaba ina elektroni tisa katika obiti za 3d, yaani maeneo yenye umbo na mwelekeo maalumu ambamo elektroni hukaa. Obiti inayoelekea juu na chini hubeba elektroni mbili, na ile inayoelekea kwenye pembe za mraba hubeba moja tu, kwa hiyo ligandi za juu na chini husukumwa zaidi na vifungo vyake hulegea. Molekuli ya tano ya maji imeshikiliwa na vifungo vya hidrojeni peke yake (mivutano dhaifu kati ya hidrojeni ya molekuli moja na oksijeni ya nyingine), kati ya salfeti na maji ya jirani.

Mrututu ukipashwa moto, maji huondoka kwa hatua, na ya mwisho hutoka karibu na nyuzi 200 za Selsiasi, ukabaki unga mweupe. Wengi husema kwamba hayo ya mwisho ndiyo ile molekuli ya tano. Maelezo hayo yanavutia, lakini siyakubali, kwa kuwa fuwele hujipanga upya kila maji yanapotoka: katika CuSO₄·H₂O, molekuli pekee iliyosalia imeshikana moja kwa moja na shaba, tena oksijeni yake inaunganisha ioni mbili za shaba kwa wakati mmoja.