Kikohozi cha usiku cha mwanangu: pampu ilisaidia, lakini jiko ndilo lilikuwa tatizo

Alianza kukohoa akiwa na miezi 8. Mchana nafuu, usiku balaa: anakohoa mpaka anatapika maziwa, na kifuani nasikia mluzi kama wa birika. Antibiotiki alishakunywa mara tatu. Jirani akaniletea asali. Nikaiweka kabatini, maana mtoto wa chini ya mwaka 1 hapewi asali.

Daktari wa watoto hakutaka kuiita pumu. "Mama, bado mdogo, hata virusi huleta mluzi. Nyumbani mnachoma nini?"

Nikaanza kuhesabu: jiko la mkaa koridoni, dawa ya mbu ya kuchoma chumbani, udi kila Alhamisi. Baba yake naye anavuta sigara nje, kisha anakuja kumbeba. La udi liliniuma, nakiri.

Jiko likahamia uani, chandarua kikachukua nafasi ya dawa ya mbu, baba akaacha sigara (kwa kununa). Tulipewa pampu ya salbutamol, dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa, ya kutumia akibanwa tu. Chemba yake, kile kichupa kinachokaa kati ya pampu na mdomo wa mtoto, ni ghali, basi nesi akatoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, pampu ikachomekwa humo, mdomoni mwa chupa akafunga barakoa. Unabonyeza mara moja, unamwacha avute pumzi tano au sita.

Akanifundisha pia kuhesabu pumzi akiwa ametulia: zikifika 50 kwa dakika, au mbavu zikiingia ndani, hospitali saa hiyohiyo.

Wiki ya tatu alilala hadi asubuhi. Pampu tumeigusa mara mbili tu tangu hapo.