Jumamosi Ambayo Sukari Ilibaki Kwenye Machicha

Saa 12:30 asubuhi. Jumatatu hadi Ijumaa nafundisha fizikia sekondari hapa Mbale. Jumamosi napika bia ya nyumbani: jiko la makaa, sufuria kubwa, pipa la plastiki lenye bomba chini, na kilo 5 za kimea cha shayiri. Shayiri inalimwa Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon huu huu, lakini kimea chenyewe kinanijia na basi kutoka Kampala. Biashara zina njia zake.

Saa 1:15. Kinu changu cha mkono kilivunjika mpini, kwa hiyo leo nimekwenda kwenye mashine ya posho.

"Kaka, usinifanyie unga. Unga utaniziba bomba."

"Usijali, mwalimu. Naweka chekeche la chakula cha kuku."

Mashine ikanguruma dakika mbili. Nikafungua mdomo wa gunia, nikaona chenga na maganda, nikalipa. Chini ya gunia sikuangalia.

Saa 2:30. Maji motoni. Jana usiku nilitumbukiza kipimajoto changu kwenye maji yanayotokota kikasoma 96, nikasema kumbe kimelala nyuzi 4. Basi leo nikitaka nyuzi 67 za kulowekea kimea nasimamia 63 kwenye kioo, najumlishia mwenyewe. Nilijiona mjanja sana. Nikamwaga kimea, nikakoroga mpaka mabonge yakaisha, nikalifunika pipa kwa blanketi.

Saa 3:45 hadi saa 5. Saa moja ya kuloweka, kisha kufungua bomba taratibu na kusuuza machicha kwa maji ya moto. Hapa hakuna la kusimulia. Nilisahihisha madaftari manne.

Saa 5:10. Lita 25 ziko kwenye sufuria. Nikateka kidogo, nikatumbukiza hidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyomo (maji matupu husoma 1.000). 1.015.

Nilikaa chini kwenye kigoda.

Hesabu yangu ni hii. Kilo moja ya kimea cha shayiri, ukiikamua sukari yote, inakupa pointi kama 300 kwa lita moja ya maji (pointi ni zile elfu-moja-moja zinazozidi 1.000). Kilo 5 ni pointi 1,500. Gawanya kwa lita 25, unapata 60, yaani 1.060. Yote hayatoki kamwe. Mimi huwa napata asilimia 75, ndiyo 1.045. Sasa 1.015 ni robo! Hata togwa ya watoto ina utamu kuliko hiyo.

Halafu nikagusa kikombe, nikaunguza kidole. Hidromita yangu imepimiwa nyuzi 20, na maji haya yalikuwa karibu 60. Kimiminika cha moto ni chepesi, hidromita inazama zaidi, inakudanganya. Nikakiweka kikombe kwenye beseni la maji baridi, nikarudia: 1.031. Ahueni, lakini bado ni asilimia 52 tu.

Saa 5:40. Nikaanza kutafuta mchawi. Kwanza nikakoroga sufuria na kupima tena, kwa sababu maji mazito ya mwanzo hukaa chini na ya kusuuzia huelea juu. Hidromita ikarudi pale pale. Karatasi ya kupimia asidi ilikuwa imesoma 5.5 wakati wa kuloweka, nayo haina kosa. Maji ni ya bomba lile lile la siku zote.

Mama jirani akapita na ndoo yake kuchukua machicha ya nguruwe, kama kawaida. Yeye anapika malwa, pombe ya ulezi, ya kuuza, ametokea Busia na Kiswahili chake kimenyooka. Akachota konzi moja, akaifumbata, akaitawanya kiganjani.

"Mwalimu, hii umeisaga au umeiosha?"

"Nimeisaga, mama."

"Haya, tafuna."

Nikatafuna. Punje ya kwanza ikapasuka kama ganda tupu, laini, haina ladha. Ya pili ikanigomea menoni: ndani nyeupe, kavu, kama chaki. Nikahesabu punje 20 kwenye sahani, 7 zilikuwa nzima kabisa, zimepita kwenye chekeche la kuku bila salamu. Nikaleta ayodini ya vidonda. Tone kwenye maji ya kimea, rangi ikabaki kahawia: wanga ulioingia majini ulikuwa umegeuka sukari wote. Tone kwenye ile chaki ya ndani ya punje, nyeusi tii. Wanga wangu ulikuwa umekaa ndani, maji hayajaufikia.

Na kipimajoto? Hilo lilinijia nikiwa bado nimeshika sahani. Mbale iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Maji hapa yanatokota kwenye nyuzi 96. Kipimajoto kilikuwa kizima. Nimeloweka kwa 63 ya kweli, mahali ambapo wanga wa chenga nene unalainika kwa kujivuta. Nimefundisha mada hiyo muhula huu huu. Wanafunzi wangu wa Senior 3 wakisoma hapa, nimekwisha.

Saa 6:30 mchana. Mama jirani akashauri tutwange machicha kwenye kinu chake tuloweke upya. Nilitamani, ila maji ya kusuuzia yalikuwa ya moto mno na vimeng'enya vingi, vile vinavyogeuza wanga kuwa sukari, vimeshakufa. Sukari ya dukani pia nikaikataa: kilo moja ingeniongezea pointi kama 19 kwenye lita 20, lakini bia inakuwa nyembamba mdomoni. Nikaamua kuchemsha mpaka zibaki lita 17. Hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, nikazipunguza kwa kadiri hiyo, la sivyo ingekuwa dawa ya malaria.

Saa 10 jioni. Makaa yameisha mara mbili. Lita 17, zimepoa, 1.046. Wageni watatu wa mwezi ujao itabidi wanywe kwa glasi ndogo.

Saa 1 usiku. Hamira imeingia, ndoo imefungwa. Ng'ambo ya ua nguruwe wanapiga kelele za furaha. Hawajawahi kula machicha yenye wanga hivi. Mama jirani amechungulia juu ya ua kuniuliza kama Jumamosi ijayo nitakosea tena.