Mbuzi wa kupimwa si yule anayekufa

Huku nyanda za juu, ikifika Juni na Julai mbuzi akikohoa lawama zote hupewa baridi. Baridi inaua vitoto, ndiyo, lakini haichubui midomo wala haiharishi zizi zima. Ukiona kamasi, matongotongo, kikohozi na kuhara kwa mbuzi na kondoo pamoja, shuku sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa kirusi uliothibitishwa kaskazini mwa Tanzania mwaka 2008. Homa ya mapafu ya mbuzi nayo inakohoza, ila kondoo wa zizi hilohilo huendelea kula kama kawaida.

Vaa glavu, fungua mdomo, pitisha kidole kwenye ufizi. Kikitoka na uchafu kama pumba wenye harufu ya kuoza, mwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Ugonjwa huu ni wa kutolewa taarifa kisheria.

Sampuli ndipo wengi wanapoharibu. Mwenye mali huleta yule aliyelala, amekwisha. Huyo kirusi kimeshapungua mwilini, kilichojaa ni kingamwili (askari wa mwili), na kipimo cha kawaida hakiwezi kusema zimetokana na ugonjwa au na chanjo. Tembea zizini na kipimajoto. Tafuta watano hivi wenye nyuzi 40 hadi 41, machozi bado majimaji. Wafute kwa kijiti cha pamba machoni, puani na mdomoni, kila sehemu na kijiti chake. Chukua damu kwenye kichupa chenye EDTA (dawa inayozuia damu kuganda) na nyingine kwenye kichupa kikavu kwa ajili ya seramu, yaani maji ya damu. Damu isiwekwe kwenye friza ikawa barafu, chembe zitapasuka. Iweke kwenye boksi la barafu, vichupa vikiwa vimefungwa vizuri na kuandikwa, ipelekwe maabara ya mifugo ya serikali (TVLA) Iringa.

Aliyekufa apasuliwe mapema, kwa jua la huko bondeni Usangu mzoga hauchelewi kuoza. Angalia utumbo mpana karibu na mkundu: mara nyingi, si kila mara, utaona michirizi myekundu kama ya pundamilia. Kata vipande vya pafu, wengu na tezi za kifuani na za utumbo.

Kisha uliza maswali. Nani amenunua beberu mnadani ndani ya siku 21? Nani ameuza? Malisho na maji wanachangia na boma lipi? Mwenyeji akijibu haraka mno kwamba hakuna mgeni, muulize mchungaji pembeni.

Antibiotiki ya oksitetrasaiklini haiui kirusi, inazuia tu bakteria wanaoingia mapafuni baadaye. Chanjo ni mililita 1 chini ya ngozi, kinga yake hufika miaka 3, na ikishachanganywa itumike ndani ya saa chache, ikiwa kwenye barafu. Anzeni na maboma ya mbali mkielekea kwenye ugonjwa, sindano mpya kila boma. Na mwambieni mwenye mifugo kabla ya kuchoma sindano: walioambukizwa tayari wanaweza kufa hata wakichanjwa. Msipomwambia, ataeneza kwamba chanjo imewaua, na kesho jirani yake atawaficha mbuzi wake porini.