Pete ya muuguzi: nilivyozamisha safaya kwenye fedha

Mtu anayevaa na kuvua glavu kutwa nzima hafai kuuziwa pete yenye kucha, vile vijino vya chuma vinavyoshika kito. Kucha hudaka glavu ikachanika, nazo zikishalegea kito kinadondoka mwenyewe hana habari. Dada muuguzi aliyekuja kwenye meza yangu hapa Arusha alilijua hilo kuliko mimi. Alitaka pete ya fedha yenye mawe matatu ya bluu yaliyozama, ukipitisha kidole juu usiguse kitu.

Tulibishana kwenye jiwe.

“Fundi, mimi nataka tanzanaiti. Mererani inakochimbwa si hapo tu?”

“Ni hapo tu, dada, lakini kwa kazi yako itachakaa mapema.”

Nisingependa kumkatisha tamaa mteja, ila huo ndio ukweli. Kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe kinachoishia 10, tanzanaiti iko kati ya 6 na 7, na vumbi tunalokanyaga kila siku lina chembe za kwatzi zenye ugumu wa 7. Halafu ina upande mmoja inaopasukia kirahisi, ukiigonga vibaya inaachana. Na kuzamisha jiwe ni kazi ya kusukuma chuma kwa nguvu za mkono pembeni kabisa mwa jiwe lenyewe. Wapo mafundi wanaoizamisha na inakaa, siwabishii, lakini kwa pete ya kuvaa kazini mimi tanzanaiti nashauri iende kwenye hereni au kidani. Nikamwonyesha safaya za Umba, kule Tanga, ugumu wake 9. Bluu yake haina ule urujuani wa tanzanaiti, na aliliona hilo mara moja. Akanung'unika, akazigeuzageuza dirishani, akakubali.

Vitabu vya ufundi huu vimeandikwa kwa mawe yaliyokatwa kiwandani, yote saizi moja. Mawe yetu si hivyo. Unaambiwa ni ya milimita 3, ukiweka vania, kile kipimo cha kubana, unapata 2.9, jingine 2.85, jingine duara lake limevutika upande mmoja. Hilo la mwisho nililirudisha kwa dalali, maana tundu la drili ni duara kamili na jiwe la namna hiyo litaacha mwanya hata ufanyeje. Tena wakataji wengi huacha tumbo kubwa chini ya jiwe ili uzito usipotee, kwa kuwa bei ni ya karati. Mawe yangu yalikuwa na kina cha kama milimita 2. Kwa hiyo bapa la fedha nililitengeneza la milimita 2.4, ncha ya jiwe isije ikamchoma kidole. Pete nyembamba usijaribu kabisa.

Mambo yote ya moto nikayamaliza kwanza: kuunga pete, kuipima kidoleni, na kuilainisha fedha kwa kuichoma hadi iwe nyekundu ya kufifia kisha kuizamisha majini. Fedha iliyogongwa sana bila kuchomwa huwa kaidi, haitaki kusogea.

Sasa tundu. Wengi wanaoniuliza huuliza jinsi ya kukandamiza fedha ishike jiwe, wakati mimi muda wangu mwingi unaishia kwenye tundu. Niliweka alama kwa bikari, nikaacha zaidi ya milimita 1 ya fedha kati ya jiwe na jiwe, nikatoboa kwa biti ya milimita 1, nikapanua hadi 2. Ndipo ikaja ncha ya kuchongea kiti, yaani mahali jiwe linapokalia, ile yenye umbo la jiwe lenyewe. Kwa jiwe la 2.9 nilitumia ncha ya 2.8. Unaigusisha kwenye nta ya nyuki, unaiendesha polepole, imesimama wima. Ikiinama kidogo tu, jiwe litakaa upande na hakuna kukandamiza kutakakolinyoosha.

Hapo ni kuchonga kidogo, kupima, kuchonga tena. Jiwe nalinyanyua kwa kijiti chenye nta nchani, naliweka, natazama kwa lenzi kutoka ubavuni. Ninachotaka ni uso wa jiwe ulingane na uso wa pete, na ule ukingo wake mpana zaidi uwe umezama chini kidogo ya mdomo wa tundu. Jiwe liingie kwa kusukumwa, ulisikie likisema “tak”. Likidumbukia lenyewe, tundu limeshakuwa kubwa.

Chombo cha kukandamizia sikununua. Nilichukua shina la biti iliyokatika, nikalitia mpini wa mti, nikalichonga ncha butu kama ya kalamu iliyotumika sana, nikalisugua kwa msasa wa 400, wa 1200, mwisho kwa ngozi yenye dawa ya kung'arishia mpaka nikajiona humo. Alama yoyote iliyobaki kwenye ncha hiyo inahamia kwenye fedha.

Pete ikabanwa kwenye jiliwa ya mbao. Nikakandamiza mdomo wa tundu juu, kisha chini, kulia, kushoto, jiwe litulie katikati, ndipo nikazunguka taratibu nikiwa nimelaza chombo kuelekea kwenye jiwe. Fedha inatembea, unaiona kabisa: ule mstari mweusi kati ya jiwe na chuma unapungua, unakuwa uzi, unapotea. Safaya haidhuriki chuma kikiigusa. Kwa tanzanaiti ningefanya kazi roho juu, maana chuma kigumu ugumu wake unakaribiana nayo.

Kuhakikisha, nilibandika nta juu ya kila jiwe nikajaribu kulizungusha. La katikati lilicheza kidogo, nikalirudia upande wa kulia, likatulia. Baada ya hapo msasa laini juu juu, brashi ya meno, maji ya sabuni.

Dada alivaa glavu pale pale mezani, akavua, akavaa tena. Nikamtahadharisha kwamba pete hii hairefushwi ovyo. Kidole kikinenepa airudishe kwangu, asimpe fundi atakayeigonga kwenye rula ya chuma, ile fimbo ya kutanulia pete, kwa sababu ukiivuta matundu yanapanuka na mawe yanalegea yote kwa pamoja. Malipo ya kazi nilimhesabia kwa idadi ya mawe, si kwa uzito wa pete, na kwa pete zilizozamishwa ndivyo ninavyohesabu hadi leo.